Upande wa Kulia wa Tairi la Baba

Baba alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na mji mzima wa Voi juu ya neno moja. Watu walisema tairi hii. Yeye alisema tairi hili, na matairi haya, na ukimwambia "hii tairi imepasuka," atakusahihisha kwanza ndipo aulize limepasukia wapi. Wazee wake walipanda na reli kutoka Mombasa, reli ikaendelea mbele na wao wakabaki, na lugha ilikuwa urithi pekee ambao hawakugombania. Mimi nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo. Nilisoma na watoto wa Kitaita na wa Kikamba, na kwetu kila kitu kilikuwa hii na hiyo. Lakini mbele yake nilijichunga, na hata sasa nikiliandika neno hilo mkono unasita, kana kwamba atakohoa nyuma ya mlango.

Ninayoyaandika hapa ni habari za tairi lake la mbele, katika miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili na nikifundisha chekechea. Kwa siku mbili nilikuwa na jambo nililodhani nalijua peke yangu. Nililinyamazia, na kunyamaza kwangu kulimtupa baba mtaroni.

Baba alikuwa amestaafu reli. Kazi yake ilikuwa kusimama kituoni na kuzipungia treni bendera, kijani zipite, nyekundu zisimame, na alistaafu na fahari ya mtu aliyewahi kuamuru chuma. Alibaki na mambo mawili ya kumtoa nyumbani: msikiti, na Alhamisi. Kila Alhamisi asubuhi mama alimfungia mahamri na sukari kwenye kikapu, naye akakifunga kikapu kwenye keria kwa ukanda wa mpira, akaendesha baiskeli yake nyeusi mpaka Mraru kwa dada yake. Shangazi huyo alikuwa ameolewa na Mtaita, akafiwa naye, akabaki huko na mbuzi wake na shamba la pojo ambazo majirani zake waliziita ndengu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea baba, akimbeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto. Hakuna walichofanya siku hiyo ya Alhamisi. Walikaa tu. Jioni haijaingia baba anarudi, kikapu kina mayai na pojo, na uso wake umekunjuka.

Nilipokuwa mdogo alikuwa akinipakia. Nakumbuka barabara ile kama ninavyokumbuka kitu nilichokiota mara nyingi. Kulikuwa na mchezo wetu: nifumbe macho, naye aulize, "Tuko wapi?" Harufu kali ya mkonge uliosagwa ikija, nasema tuko kwenye mashamba ya mkonge. Upepo ukibadilika na kuwa mwepesi, milima imekaribia. Mara nyingine harufu nzito ya majani yaliyotafunwa ilitujia kutoka vichakani, naye akakaza mwendo bila kusema lolote, nikajua ndovu wamevuka hapo si muda mrefu. Vumbi jekundu lilikuwa likipanda na kutua, jua linapenya kope zangu likawa rangi ya chungwa, na mgongo wa baba ulikuwa mbele yangu, wenye joto na harufu ya sabuni ya kufulia. Sikumbuki hata mara moja tulipofika. Nakumbuka kwenda tu.

Katika mwaka ninaousema, na hata ule uliotangulia, baba alikuwa ameanza vituko. Alipomimina chai alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni, akamimina mpaka chai imguse. Mama alimwambia, "Bwana, hicho kidole ndicho sukari?" Aliacha kusoma gazeti, akisema habari ni zile zile, wamebadilisha picha tu. Siku moja aliliamkia koti lake lililotundikwa mlangoni, kwa heshima zote, akidhani ni jirani. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu. Naye alicheka, pengine kuliko sisi. Tulisema ni uzee, na uzee haupigi hodi.

Basi Jumatatu moja alirudi kutoka sokoni akiikokota baiskeli. Tairi la mbele lilikuwa limechanika kwa urefu wa kidole, tyubu imechungulia kwenye ufa kisha ikapasuka. Aliniita mimi.

"Kesho ukitoka shule, lipeleke kwa fundi. Mwambie alishone. Asikuuzie jipya."

"Baba, hili limechoka. Kwa nini lisiwe jipya kabisa?"

"Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema. "Na upepo asijaze sana. Mimi silipendi tairi gumu."

Nilidhani ni ubahili. Baba alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda.

Fundi alikuwa na kibaraza chake nje ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Alikuwa mtu wa Werugha, huko juu kwenye ukungu, na ingawa alikuwa Voi kwa miaka mingi bado alivaa sweta katika lile joto. Alisema mwili wake haujaambiwa kwamba umeteremka. Aliigeuza baiskeli, magurudumu juu, akalitoa tairi kwa vyuma vyake viwili, akalipindua ndani nje na kupitisha kidole gumba polepole, kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Hii inashoneka," akasema. "Naweka kipande ya tairi nzee ndani, napiga uzi ya gunia hapa na hapa. Lakini ikishonwa, inaenda nyuma. Kiraka haiendi mbele. Kwetu milimani, kiraka ikiwa mbele na unateremka, watu wanakuja kukuokota."

"Basi lihamishie nyuma," nikasema.

Akataka kuniitikia, kisha akaona kitu. Alikuwa amelirudisha tairi upande wake, akilielekeza kwenye mwanga. Akalizungusha lote. Akaliinamia la nyuma, ambalo lilikuwa bado kwenye baiskeli, akalizungusha nalo. Akaniita nisogee.

"Ona, dada. Hapa kushoto, hata maandishi ya kiwanda iko. Unaweza kusoma. Sasa ona kulia."

Upande wa kulia ulikuwa umelika. Mpira ulikuwa umesagika mpaka nyuzi za ndani zilionekana, zimechanuka kama ncha za kikoi, kuanzia mwanzo wa duara mpaka mwisho wake. La nyuma lilikuwa vivyo hivyo, ila kidogo.

"Nani anaendesha hii?"

"Baba yangu."

"Anapita wapi?"

Nikamwambia, barabara ya Mraru. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu aliyepata hesabu yake. Akaniambia kwamba lami ya barabara ile iko juu, na udongo wa kando umeshuka, na kati yake kuna ukingo kama ngazi ndogo. Watu hupita juu kwenye lami, au mbali na ukingo. Huyu alikuwa akipita chini, kwenye udongo, akiliegemeza tairi kwenye ukingo njia nzima. Kwenda, lami iko kulia kwake. Kurudi, amepita upande wa pili, lami iko kulia kwake tena.

"Anashika lami na tairi," akasema.

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Kwa nini mtu anashika ukuta akitembea?"

Nilimkasirikia. Nina hasira za karibu, najijua. Nilimwambia ashughulike na pancha, mambo ya macho ya watu awaachie madaktari. Yeye aliliweka tairi chini. Alikaa akanisubiri nielewe, na nikaelewa palepale nikiwa nimesimama, kidole cha chai, gazeti, koti la mlangoni, vyote kwa pamoja. Nikakaa kwenye kreti ya soda.

Alikuwa na baiskeli nyingine ya kutengeneza, akaendelea nayo. Soko lilikuwa limepoa saa hizo. Mwanamke mmoja alikuwa akinyunyizia sukuma zake maji kwa mkono, taratibu, na matone yalipogusa ardhi yalikauka kabla sijayaona vizuri. Nilikuwa kama niliyelala macho wazi. Nilimwona baba akiwa peke yake kwenye udongo mwekundu, malori ya mkonge yakimpita juu ya lami, yeye akiwa ameinamisha kichwa kidogo, akisikiliza.

"Kuna njia tatu," fundi akasema bila kuinua uso. "Naishona, lakini hata nyuma haitakaa. Hiyo upande imeisha, itapasuka tena, na sijui itapasukia wapi. Ama unaweka mpya. Ama mimi nasema baiskeli imekufa. Mzee wako akikuja hapa, nitasema hivyo hivyo. Wewe sema tu."

Ile njia ya tatu aliniletea kwa huruma, na ndiyo niliyotakiwa kuifikiria kwa utulivu. Mzee haoni, barabara ina malori, basi baiskeli ifichwe, na mwenye kosa awe tairi. Lakini nilipofikiria Alhamisi bila Alhamisi, kikapu kimetundikwa, baba amekaa kibarazani akiulizia saa, niliikataa. Kushona niliogopa, kwa sababu ya kile alichokisema fundi juu ya kupasuka. Ikabaki jipya. Nilijiambia kwamba jipya ndilo salama, ni nene, ni imara, mwiba hauliwezi. Nilijiambia pia kwamba baba ameiendesha barabara ile hivyo hivyo kwa miaka na hakuna lililotokea. Yote hayo yalikuwa maneno ya kujifariji. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mtu wa kumwambia, na tairi jipya lilinipa kitu cha kufanya badala ya kusema.

Nikalinunua kwa mshahara wangu wa chekechea. Nilijiona binti mwema. Fundi alilivisha, akapiga pampu mpaka tairi likalia ngo! alipoligonga kwa kifundo cha kidole. Nilikuwa nimesahau kabisa neno la baba kuhusu upepo. Lile kuukuu, nikiwa bado nimesimama pale, akalichana kwa kisu vipande virefu. Kulikuwa na watu wa nyanya waliotaka kanda za kufungia makreti yao.

Nyumbani baba alitoka alipoisikia kengele. Uani kulijaa harufu ya mpira mpya. Akainama, akapapasa tairi kwa kiganja, la mbele lote, kisha akarudia upande wa kulia.

"Nilisema alishone."

"Fundi amesema halishoneki."

Ulikuwa uongo, lakini ulikuwa uongo wenye sarufi safi, na nadhani hiyo ndiyo sababu aliupokea. "Hewala," akasema. Akaendelea kuinama pale kwa muda, kiganja bado kwenye tairi. Mimi nilikuwa nikimtazama usoni, kwa mara ya kwanza kwa makini baada ya muda mrefu, na niliona ule weupe mdogo ndani ya mboni, kama maziwa yaliyodondoka kwenye chai. Ulikuwa hapo siku zote. Macho hayana pazia, husema watu, lakini sisi tulikuwa tumeyafungia ya kwetu pazia zito. Angeweza kuniambia wakati ule. Ningeweza kumwambia. Mama akaita chakula, tukaenda kula.

Jumatano ilipita. Sikumwambia mama, kwa sababu mama angezuia safari, nami ningelazimika kueleza nilivyojua. Alhamisi asubuhi baba alivaa kofia yake, akafunga kikapu, akapiga kengele mara moja kama alivyozoea, akaenda. Nilisimama mlangoni mpaka alipokata kona. Alikata vizuri tu. Nikaenda kuwafundisha watoto wimbo wa kuhesabu vidole, na siku nzima vidole vyangu mwenyewe vilikuwa baridi.

Alirudi adhuhuri, kwa miguu. Mfanyakazi mmoja wa mashamba ya mkonge alikuwa akiikokota baiskeli, na mkono wake mwingine umemshika baba kiwiko. Alimkuta ndani ya mtaro wa kando ya barabara, amekaa, anaokota mahamri kwa kupapasa na kuyapuliza vumbi. Hakuwa hata amefika nusu ya njia. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, shati limechanika begani, na miiba imejaa kwenye ugoko. Yule mtu hakutaka chochote, hata chai. Alimwambia baba, "Pole mzee," akaenda zake.

Mama alimkalisha kwenye mkeka, akaleta maji ya moto na chumvi. Alikuwa akimsema huku akimkanda, kwa kuwa alikuwa na hofu. "Mtu mzima unaanguka mtaroni kama mlevi. Ulikuwa ukitazama wapi?"

Baba akanigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, naye aligeukia kidogo mbele yangu, pale sauti yangu ilipotokea mara ya mwisho.

"Tairi ulilonunua ni bubu," akasema.

Mama akauliza tairi bubu ni tairi gani. Ndipo baba akaeleza, kwa utaratibu, kama aliyekuwa akimkabidhi mwenzake zamu ya kituo. Lile la zamani lilikuwa likimsemesha. Zile nyuzi zilipogusa ukingo wa lami zilinong'ona, ss, ss, na upepo ukiwa kidogo mtetemo wake ulimfika mikononi kwenye usukani. Mnong'ono ukiwa mwembamba, amesogea mbali, anarudi kulia. Ukiwa mnene, amebana sana, analegeza. Ukikatika, amefika palipo na daraja au njia inayochepuka. Hili jipya lilipogusa ukingo liliteleza kimya. Akawa hajui yuko wapi. Akajisogeza kushoto kwa kuogopa malori, akasogea tena, na ardhi ikaisha.

Mama alikuwa ameacha kukanda. Kitambaa kilikuwa kinadondoka maji kwenye mkeka.

"Huoni?" akamuuliza.

"Naona mwanga. Mtu namwona kivuli. Sura yako naijua, hiyo sina haja ya kuiona."

Mama aliinuka akaenda jikoni, na tulimsikia akihamisha masufuria yasiyohitaji kuhamishwa. Mimi nikasema kilichokuwa kimenikaa kifuani. Nilimwambia fundi alikuwa ameniambia, kwamba tairi lingeshoneka, kwamba mimi ndiye niliyechagua jipya nikijua haoni.

"Ulijua tangu Jumanne," akasema.

"Tangu Jumanne."

"Ungenikataza nisiende, ningekukatalia."

"Ndiyo maana sikusema."

"Basi ndiyo maana na mimi sikusema," akasema baba. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kesho yake, shule ilipotoka tu, nilikwenda mbio kwa fundi kulitaka tairi kuukuu. Nilijua nimeona likichanwa, lakini nilikwenda. Kanda zilikuwa zimeshaondoka na watu wa nyanya, huenda zilikuwa njiani kwenda Mombasa. Nilipomweleza yaliyotokea, fundi alivua sweta kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akalikunja magotini. Akasema ana tupa ya kunolea visu. Angeweza kulikwaruza lile jipya upande wa kulia, polepole, mpaka nyuzi zitoke. "Naifundisha kuongea," akasema. Hakuwa akitania. Alikuwa akifikiria kazi.

Nikampelekea baba maneno hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akacheka.

"Mwambie ahsante. Lakini tairi la kufundishwa kusema litasema uongo. Lile lilijifunza lenyewe."

Ikawa ndiyo mwisho wa baba na baiskeli, kwa tairi lolote. Alikubali kupelekwa hospitali. Wakamwambia ni mtoto wa jicho, kwamba hutolewa, asubiri zamu yake, na mkono umeteguka tu. Alikubali yote kwa sharti moja: Alhamisi ijayo mtu aende Mraru amweleze dada yake, kwa mdomo, si kwa kutuma salamu na mpita njia. Wakati ule nani alikuwa na simu? Mama alikuwa hataki kumwacha. Basi nikaenda mimi, na nikaenda na ile baiskeli. Baba alinifundisha kuendesha nikiwa msichana, uani, mlango umefungwa ili majirani wasiseme, na sasa nilipita mtaani mchana kweupe nikiwa nimekunja buibui, wala sikujali nani anasema nini.

Asubuhi ilikuwa na mawingu mepesi. Kilima cha Sagalla kilikuwa nyuma yangu na milima ya Taita mbele, ya buluu, imekatwa kiuno na ukungu, haikaribii hata ukanyage namna gani. Nilishuka kwenye lami, nikapita kwenye udongo kando ya ukingo. Nilitaka kujua. Kila mara tairi lilipogusa halikusema kitu. Nilifumba macho nikahesabu mpaka tatu, nikayafumbua kwa hofu. Nikajaribu tena, nikafika nne. Baba alikuwa akienda hivyo mpaka Mraru na kurudi, na akifika nyumbani anasifu mayai. Mkonge ulinipita pande zote mbili, safu baada ya safu, na kwa muda sikuwa na umri wowote, nilikuwa tu mtu anayekwenda.

Nilipokaribia pale njia ya kwa shangazi inapochepuka, nikasikia mlio. Kang. Kimya. Kang, kang. Nilidhani ni kengele ya mbuzi, kisha nikadhani kuna shule jirani. Nikakanyaga taratibu. Mlio ulikuwa ukitoka barabarani penyewe.

Shangazi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa lami, kanga moja kiunoni na moja kichwani, mkono mmoja ameshika kifuniko cha sufuria na mwingine mwiko. Alikuwa akigonga. Hakuacha aliponiona. Alinitazama nikija, akaitazama baiskeli, akagonga mpaka nilipofunga breki mbele yake. Hapo ndipo mkono ulipotulia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko hai?"

"Yuko hai. Alianguka, mkono umeteguka. Ni macho, shangazi. Baba haoni."

Akashusha pumzi ndefu, akaweka kifuniko kwapani. Wiki iliyopita, akaniambia, aligonga kuanzia asubuhi mpaka mbuzi waliporudi wenyewe zizini, na leo alianza tangu alfajiri isije ikawa baba amepita bila kuusikia mlio. Nikamuuliza amekuwa akigonga tangu lini. Akasema tangu mvua za mwaka juzi, siku ile baba alipoipita njia ya kwake, akaendelea moja kwa moja kuelekea Mwatate huku yeye akimwita. Hawakuwahi kulizungumza. Alhamisi iliyofuata alitoka tu na kifuniko, naye baba akachepuka.

"Miaka miwili," nikasema. "Na hukutuambia?"

Nilisema kwa ukali, na ukali wote ulikuwa wangu mwenyewe. Shangazi alinitazama kwa mshangao, bila hata chembe ya lawama.

"Nilidhani mnajua," akasema. "Si mnakaa naye nyumba moja?"